Swali langu limekataliwa, na la bao naona haya kulipeleka

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya hisabati, nasoma Dodoma. Mwaka huu kila mmoja wetu anatakiwa kufanya mradi wa utafiti peke yake kwa mihula miwili, aandike ripoti, kisha aitetee mbele ya jopo. Wenzangu wengi wamechukua ripoti za miaka iliyopita za modeli za kuenea kwa magonjwa, wakabadilisha jina la ugonjwa na namba za kwenye jedwali, wakamaliza. Mimi sikutaka. Nimependa hisabati tangu kidato cha kwanza, na nilijiahidi kwamba mwaka huu nitafanya kitu changu.

Nilichagua swali la Collatz. Unachukua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa unaigawa kwa 2, ikiwa witiri unaizidisha kwa 3 na kuongeza 1, halafu unarudia. Inaaminika kwamba kila namba itaishia kwenye 1, lakini hakuna aliyethibitisha. Niliandika programu ya Python nikapima namba zote hadi milioni moja. Zote zilifika 1. Nikaandika pendekezo la kurasa 12, nikampelekea msimamizi wangu. Alisoma kichwa cha habari, akanirudishia. Akasema, "Hili halifanyiki. Chukua modeli ya malaria kama wenzako." Ana wanafunzi wengi na nje kulikuwa na foleni, kwa hiyo sikupata hata nafasi ya kuuliza kwa nini. Nilitoka pale nikaenda kukaa chini ya mti mpaka magharibi.

Kuna jingine ninaloona haya kulitaja. Babu yangu mzaa mama, kule Wete, alikuwa mcheza bao. Likizo zote nilikuwa nakaa naye barazani namtazama. Alipofariki mwaka juzi nilirithi komwe zake, yaani kete zake za bao, ninazo kwenye mfuko wa kitambaa. Usiku nikikosa usingizi huchora mashimo kwa duara kwenye karatasi na kuweka kete moja kila shimo. Nachota ya shimo la kwanza, naisogeza mbele. Popote kete yangu ya mwisho inapoangukia, nachota zote zilizomo humo pamoja na hiyo yenyewe, naendelea kumwaga moja moja. Hakuna kula (kuteka kete za mpinzani) wala kulala (kukoma kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu), ni kuzunguka tu. Nimeona kwamba mwishowe kete zinarudi kama zilivyoanza, moja kila shimo. Shimo likiwa 1 nachota mara 1. Yakiwa 2 nachota mara 2, yakiwa 3 mara 5, yakiwa 4 mara 12. Angalia: 1, 2, 5, 12. Kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia ukijumlisha na ya nyuma yake. Kwa hiyo mashimo 5 ni 29. Nilifurahi mno, nikafunga daftari.

Lakini nitaupelekaje mchezo wa babu mbele ya jopo? Wataniuliza nimesoma kitabu gani. Mwalimu, nipambane na Collatz? Nikubali malaria? Na kwa kweli mtu anafanyaje utafiti wa hisabati, ikiwa maisha yetu yote tumepewa maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu? Nimebakiwa na wiki tatu kuwasilisha pendekezo.

Mjukuu wa Mcheza Bao

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu.

Nilipofika kwenye ile 29 niliiweka barua yako mezani, nikaenda jikoni kuchukua maharage matano, nikachora duara la mashimo matano. Yamerudi baada ya kuchota mara 15. Nikadhani nimekosea, nikarudia mara mbili zaidi. Ni 15. Nakuandikia safari nzima ili uikague mwenyewe, kila tarakimu ikiwa ni idadi ya kete kwenye shimo lake: 11111, 02111, 00221, 10202, 01202, 00302, 10013, 01013, 00113, 00023, 10004, 01004, 00104, 00014, 00005, halafu 11111.

Najua inauma. Ila tazama ulichokuwa nacho mkononi: namba nne na furaha. Kanuni uliyoiona ilikuwa nzuri kweli, na ingekuwa kweli ningekuwa wa kwanza kukushangilia. Lakini hukuhesabu mashimo matano. Uliacha pale pale ambapo jibu lingeweza kukukatalia. Katika kazi hii ukishapata dhana unayoipenda, siku hiyo hiyo unatafuta namna ya kuivunja. Ikikataa kuvunjika, ndipo unaanza kutafuta uthibitisho.

Na usidhani ni uanafunzi. Mwaka 1919 George Pólya, mwanahisabati mkubwa, alitoa kisio kuhusu namba tasa. Chukua namba, ichambue iwe zao la namba tasa, hesabu ziko ngapi pamoja na zinazojirudia. Kwa mfano 12 ni 2 mara 2 mara 3, kwa hiyo zipo tatu, idadi witiri. Pólya alidhani kwamba popote utakapokomea kuanzia 2, namba zenye idadi witiri hazitapungua nusu. Watu walipima na kupima, kisio likasimama. Mwaka 1958 Haselgrove alithibitisha kwamba si kweli, bila kuonyesha namba yenyewe. Mwaka 1980 ndipo Tanaka alipoonyesha mahali pa kwanza linapoanguka: 906,150,257. Programu yako ya milioni moja ingepita hapo chini kwa amani na kukuambia kila kitu ni sawa.

Sasa unaona kwa nini pendekezo lako la Collatz lilirudishwa. Si kwa sababu wewe ni mdogo. Swali hilo linahusishwa na Lothar Collatz na mwaka 1937. Kompyuta za watu zimeshapima namba zote hadi kupita 2 kwa kipeo cha 68, kwa hiyo milioni yako, ambayo haifikii hata 2 kwa kipeo cha 20, haiongezi kitu. Namba ndogo tu kama 27 inapanda hadi 9,232 na kuchukua hatua 111 kabla ya kufika 1, ujue ukorofi uliomo. Mwaka 2019 Terence Tao alithibitisha kwamba karibu namba zote, kwa maana maalumu ya maneno hayo, hushuka chini sana kuliko zilipoanzia. Ni kazi kubwa mno, na bado haisemi kwamba kila namba inafika 1. Wewe una mihula miwili, na katikati yake kuna mitihani ya masomo mengine. Msimamizi wako alikuwa sahihi kukataa. Hakuwa sahihi kukuacha utoke bila sababu, maana sababu yenyewe ingekuwa somo. Hilo ulistahili, na nasikitika hukulipata.

Kuhusu malaria, neno moja. Usiidharau kwa sababu wenzako wanainakili. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha jinsi mbu anavyohusika na malaria, ndiye huyo huyo aliyekaa chini kuandika hisabati ya namna ugonjwa unavyoenea. Ukiwa na takwimu za wilaya yako na swali lako mwenyewe, ni mradi wa heshima. Lakini barua yako ina mistari miwili kuhusu malaria na aya nzima kuhusu komwe za babu. Nimekusikia.

Basi tuzungumze bao.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba hukuchukua bao lenyewe. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, lina nyumba (shimo maalumu), lina namua na mtaji (awamu zake mbili), na anayetaka kulimaliza lote kwa kompyuta anaota. Mchezo wa Awari wa Afrika Magharibi, ambao ni mdogo zaidi, una mashimo 12 na kete 48. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal, kule Amsterdam, walipoupitia wote iliwabidi wakague hali zaidi ya bilioni 889, kwa kompyuta nyingi zilizounganishwa. Wakakuta kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Wewe umeondoa mpinzani, umeondoa kula, umeondoa kulala, umebaki na duara na mwendo mmoja. Ulifanya hivyo bila kuambiwa, na ndivyo mtafiti anavyofanya: anapunguza swali mpaka lienee kiganjani, huku akiangalia asipunguze mpaka likaisha ladha. Lako bado lina ladha.

Sasa ulisema kete "zinarudi". Umeliona kwa mashimo 2, 3 na 4, mimi nimeliona kwa 5. Je, ni lazima zirudi daima? Hapa usihesabu tena, fikiri kinyumenyume. Tuseme nimekuja barazani nimekukuta umemaliza kumwaga, na unanionyesha shimo ilipoangukia kete ya mwisho. Naweza kujua ulichota wapi? Naweza. Naanza pale ilipoangukia, naokota kete moja moja nikirudi nyuma. Kila shimo ulilopitia uliliachia kete, kwa hiyo nikifika sitalikuta tupu. Shimo la kwanza nitakalolikuta tupu ndilo ulilolichota, kwa sababu ukichota unaacha patupu. Hata kama kete zilikuwa nyingi zikalizunguka duara zima, hoja haibadiliki. Itazame kwa makini ujiridhishe.

Kwa hiyo kila hali imezaliwa na hali moja tu iliyoitangulia. Na hali zenyewe zina kikomo, maana kete ni chache na mashimo ni machache. Mwendo usiokoma kwenye hali zenye kikomo lazima siku moja ukanyage ulipokwishakanyaga. Je, hali ya kwanza kurudiwa inaweza kuwa ya katikati ya njia? Haiwezi, kwa sababu ingekuwa na wazazi wawili: mmoja wa mara ya kwanza na mwingine wa mara ya pili. Basi ya kwanza kurudiwa ni ile ile uliyoanza nayo. Imekwisha. Huo ni uthibitisho, mwanangu, na unashika mashimo 5, mashimo 500, na kete zozote utakazopanga mwanzoni. Hoja hii si ngeni kwa wanahisabati, kwa hiyo usiidai kuwa yako, lakini iandike kwa maneno yako mpaka uweze kuieleza ukiwa umefumba macho.

Umeona pia kwamba nimesema "hali", sikusema "mpangilio"? Wewe ulihesabu mpangilio wa kete tu, hukuangalia umeishia shimo gani. Ukiwa na mashimo 2, mpangilio unarudi baada ya kuchota mara 2, lakini umesimama shimo la pili, wakati ulianzia la kwanza. Ili kila kitu kirudi, kete na shimo, unachota mara 4. Hayo ni maswali mawili tofauti na ulikuwa unayaita kwa jina moja. Wiki nzima ya mwanzo ya mradi wako ningependa uitumie kwenye hili tu: kuandika kwa usahihi nini ni hali, nini ni hatua, nini ni kurudi. Wanafunzi huruka sehemu hii kwa sababu haina hesabu, kisha mwezi wa nne wanagundua sura ya pili inapingana na sura ya tatu.

Sasa lililobaki, ambalo ndilo la kwako: inachukua hatua ngapi? 1, 2, 5, 12, 15 na kuendelea. Hesabu kwa mkono mashimo 6, yachoshe macho yako, kisha ndipo uandike programu. Programu ikishakubaliana na mkono wako kwa 1 hadi 6, iamini iendelee hadi 30. Ukipata orodha, ipeleke kwenye OEIS, ile ensaiklopidia ya mifuatano ya namba ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 na sasa iko wazi mtandaoni bila malipo. Unaandika namba zako, inakuambia kama kuna mtu alishazikuta na alizikuta wapi. Ukiwa na namba tano tu utapata majibu mengi yasiyo yako, ndiyo maana nasema hesabu kwanza.

Na ukikuta kuna aliyetangulia? Mimi nikiwa mwanafunzi nilifanya kazi miezi minne juu ya swali la namba, nikalipatia jibu, nikaliandika vizuri kwa kalamu ya wino. Siku moja maktabani nikafungua jarida kuukuu nikalikuta, ukurasa mmoja na nusu, limechapishwa kabla sijazaliwa. Nililia. Kosa langu halikuwa kulifanya, kosa lilikuwa kutolitafuta mwezi wa kwanza. Wewe litafute sasa, na ukilikuta, soma alivyofanya, kisha geuza kitu kimoja: kete 2 kila shimo badala ya 1, au anza na kete zote kwenye shimo moja, au ruka shimo moja kila unapomwaga. Mradi wa shahada ya kwanza hautakiwi kuitikisa dunia. Unatakiwa uonyeshe kwamba umeuliza swali, umejua waliotangulia, na umethibitisha ulichokisema.

Hofu yako ya "umesoma kitabu gani" ina dawa. Kuna mchezo wa karata unaoitwa kwa jina la Bulgaria, ambapo kila hatua unachukua karata moja kutoka kila fungu na kuunda fungu jipya. Karata zikiwa 45, ambayo ni jumla ya 1 hadi 9, vyovyote utakavyozigawa mwanzoni utaishia na mafungu ya 9, 8, 7, mpaka 1, na hapo hayabadiliki tena. Jørgen Brandt aliandika juu yake mwaka 1982 na wengi wakafuata. Ni ndugu wa swali lako, na pia ni mfano mzuri wa tofauti, kwa sababu kule hali moja inaweza kuwa na wazazi wengi na mwendo unaishia mahali ambapo haukuanzia. Jopo likikuuliza, una cha kulinganisha. Mbele yao usiite "mchezo wa babu". Andika: Mizunguko ya kumwaga kete kwenye mashimo ya duara. Lakini kwenye shukrani, mtaje babu.

Rudi kwa msimamizi wako. Safari hii usibebe kurasa 12, beba moja. Juu andika swali kwa sentensi mbili. Katikati weka jedwali la mashimo 1 hadi 6. Chini weka ile hoja ya kurudi kinyumenyume, na mistari mitatu ya unachotaka kufanya muhula wa kwanza na wa pili. Mtu mwenye foleni mlangoni husoma ukurasa mmoja. Mwombe dakika 15 kila wiki mbili, na kila unapokwenda nenda na kitu kilichoandikwa, hata kama ni uthibitisho ulioharibika na umezungushia mahali ulipoharibikia. Akikataa tena, mwombe kwa adabu akuelekeze kwa mwalimu wa aljebra au nadharia ya namba hapo idarani. Kubadilisha msimamizi mapema si utovu wa nidhamu.

Nunua daftari gumu, andika tarehe kila siku, na usichane ukurasa wa makosa. Tafuta mwenzako mmoja mbishi umweleze kila uthibitisho ubaoni, naye kazi yake iwe kusema "sijakubali". Nawasihi vijana pia kuhusu programu za akili bandia: zinaandika uthibitisho wenye sura nzuri hata mahali ambapo dai lenyewe ni la uongo. Ukizitumia, kagua kila mstari kama ulivyotakiwa kuikagua 29. Usichoweza kukitetea mwenyewe bila simu mkononi, kiondoe kwenye ripoti.

Kabla hujalala leo, angalia tena safari ya mashimo matano niliyokuandikia. Hatua moja kabla ya kurudi, ni 00005, kete zote zimekaa shimo moja. Fungua daftari lako uangalie mashimo 3 na 4. Utakuta 003 na 4000. Rudi kinyumenyume kutoka kete moja kila shimo, utaona kwa nini lazima iwe hivyo daima. Uthibitisho wake ni nusu ukurasa, na huo utakuwa wako kwenye pendekezo. Kisha kuna hili: mashimo yakiwa 2, 3 au 5, safari inaishia kwenye shimo la mwisho. Yakiwa 4, inaishia shimo la kwanza. Mashimo sita sijayagusa, maharage nimeyarudisha jikoni. Ukishayahesabu kwa komwe za babu, niandikie umechota mara ngapi na umeishia wapi.